Pangani, Lukwa, Iringa

Siku niliyomnyang'anya Ndugu Malaki kipaza sauti nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mbegu nje ya chumba cha redio, mwanangu Yasinta yuko titini, na mlango ambao siku zote hufungwa kwa komeo ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Ndani yeye, meneja wetu, alikuwa anaisoma programu yangu kwa redio koli, herufi moja moja, ili Zuhura, dada wa Dar es Salaam, aiandike na kuipeleka kwenye kompyuta. Herufi tulizitaja kwa majina ya miji na mikoa, maana redio ilikuwa na mikwaruzo, na B ikisikika kama D kazi yote imeharibika. Nikamsikia anasema polepole, kama katekista anayesoma matangazo ya ndoa: "Pangani. Lukwa. Iringa. Nzega. Tabora." Sauti ya kike ikajibu kutoka kwenye spika, safi kabisa: "Nimepata. P, L, I, N, T." Naye akasema sawasawa, tuendelee.

Mimi sikuwa nimeandika PLINT. Niliandika PRINT, neno linaloiamuru mashine ichape. Bila neno hilo mashine inaweza kupiga hesabu za wilaya nzima na isikuambie chochote. Nilimchomoa mtoto titini, akaanza kulia, nikaingia naye hivyo hivyo, blauzi wazi, nikakichukua kile kipaza sauti mkononi mwa bosi wangu.

"Zuhura, futa hapo," nikasema. "Siyo L. Ni R. R ya redio."

Ndugu Malaki alinitazama kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani. "Ndivyo nilivyosema," akajibu. "Ledio."

Mwezi uliopita tulimzika. Nilikwenda, nikakaa na wanawake wenzangu, nikaimba nyimbo zote. Msemaji wa siku hiyo, kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa wakati ule, alisimama akasema marehemu ndiye mtu wa kwanza kuleta kompyuta Mpanda, na kwamba alikuwa na subira kubwa kwa vijana aliowafundisha. Halafu akatangaza kwamba mmoja wa wanafunzi wake tunaye hapa, mama yetu Felista, asimame aseme neno. Nilitikisa kichwa. Wakadhani ni uchungu. Kompyuta haikuletwa Mpanda mwaka ule, wala Ndugu Malaki hakuwahi kuiona, na hakunifundisha kitu. Nimemwombea apumzike na bado nimekasirika. Sioni kwa nini nichague kimoja. Neno nililokataa kulisema pale makaburini nalisema hapa.

Mwaka ule, katikati ya miaka ya sabini, nilikuwa nimepanga chumba Majengo kwa Bi Mwajuma, mama mtu mzima aliyeuza vitumbua asubuhi na migebuka mikavu jioni. Chumba changu kilipakana na jiko lake. Ukuta ulikuwa wa tofali za udongo na haukufika juu kabisa, kwa hiyo moshi ulikuwa unaingia bila kubisha, na nepi za Yasinta zilinuka samaki hata zikitoka kwenye kamba. Nilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyokatwa kutoka kwenye sanduku la chai, na taa ya chemli ambayo sikuiwasha mara nyingi kwa kuwa mafuta yalikuwa hayapatikani. Tulikula ugali na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, na siku mtu alipotoka Mpimbwe na mchele tulipika wali, mlango wazi, ili majirani wajue. Kupitia juu ya ukuta ule nilisikia biashara yote ya Bi Mwajuma, nani amesuswa, nani ameolewa Sitalike na amerudi na masanduku yake. Naye alinisikia mimi nikisoma programu zangu kwa sauti. Alidhani mwanzoni ni sala za Kikatoliki.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi wa mbegu ulitaka kujua kila kijiji kina mbegu kiasi gani na kinahitaji kiasi gani kabla ya mvua. Vijiji vilikuwa vingi, watu walikuwa wamehamishwa huku na huko, na makarani walikuwa wakimaliza hesabu wakati mahindi ya wenzao yameshafika kiunoni. Basi mradi ukaamua hesabu zifanywe na kompyuta Dar es Salaam. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapelekwa kozi ya kuandika programu Tabora, tumbo limeanza kuonekana. Mashine hatukuonyeshwa. Mkufunzi alisimama mbele ya ubao akasema, "Mimi ndiyo mashine. Niambieni la kufanya." Mwanafunzi anasoma mstari wake, yeye anautii kama ulivyo, kisha anasema kwa sauti kile ambacho mashine ingechapa, na sisi tunakinasa daftarini neno kwa neno. Ukimwambia kitu nusu, anakaa kimya. Ukimwambia kitu cha kijinga, anakifanya. Wenzangu walicheka. Mimi nilipenda. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu anayetii ninachosema bila kuniangalia tumbo.

Niliporudi Mpanda na kujifungua, mashine yangu ikawa Bi Mwajuma. Alikuwa anakaa kwenye kigoda chake, mafuta yanachemka, na mbele yake nimempangia ungo kuwa Sitalike, bakuli kuwa Mwamkulu, na maharage ndiyo mbegu. Nilikuwa nasoma mstari, naye anahamisha maharage. Siku moja nilimwamuru aongeze maharage kwenye ungo mpaka utoshe, nikajifungia ndani kumbadilisha mtoto. Nilipotoka ungo umejaa, maharage yanamwagika chini, na yeye bado anaongeza, uso mkavu. Nikamuuliza anafanya nini.

"Hujaniambia utoshe ni kiasi gani," akasema. "Mimi mashine. Najuaje?"

Nilirekebisha mstari ule siku hiyo hiyo. Ndiyo maana naweza kusema bila kupepesa macho kwamba programu niliyompa Ndugu Malaki ilikuwa nzima. Ilikuwa imepita kwa mashine kali kuliko ya Dar es Salaam, na yenye mdomo zaidi.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya bati yenye vyumba vitatu na veranda, karibu na reli. Chumba cha kwanza kilikuwa cha meneja, cha pili stoo ya mbegu, na cha tatu, kidogo kama choo, cha redio, na betri ya lori chini ya meza. Posta ilikuwa inachukua muda, mvua haingoji, kwa hiyo programu zilisomwa kwa redio. Ndugu Malaki peke yake ndiye aliyeruhusiwa kusoma. Alikuwa anazichukua karatasi zangu zenye vijisanduku, anatia sahihi chini bila kutazama juu, anaingia, anafunga komeo. Baada ya siku kadhaa anatoka na jibu lile lile: "Imekataa." Nikamuuliza imekataaje. Akasema kukataa ni kukataa. Nikamwambia mashine haikatai kimyakimya kama mume aliyenuna. Inachapa kwenye karatasi ni mstari gani umeishinda na kwa nini, na kwamba ninachotaka ni Zuhura asome karatasi hiyo, neno kwa neno, nami niandike. Akasema redio ya serikali si ya kupigia soga.

Ikakataa tena, na tena. Mimi nikawa nairudia kila mstari, naitafuta dhambi ambayo sikuifanya. Mtoto analia nambembeleza kwa mguu, mkono unaandika. Halafu mchana mmoja nilikuwa stoo nimekaa kati ya magunia nanyonyesha, nao wako verandani wanamenya karanga za kuchemsha, Ndugu Malaki na Ndugu Salehe mtunza stoo, ambaye pia alikuwa katibu wa kamati ya wafanyakazi. Ndugu Malaki alikuwa anaeleza, kwa upole kabisa, kama mtu anayefafanua ugonjwa wa ng'ombe, kwamba akili ya mwanamke anayenyonyesha inashuka kifuani, inachanganyika na maziwa, na mtoto anainywa.

"Basi yule mtoto atakuwa profesa," Salehe akasema, wakacheka wote wawili, maganda yanaanguka.

Ningeweza kuvumilia kicheko. Kesho yake aliniita akanisomea alichoandika kwenye jalada langu la kazi: makosa yanatokana na kunyonyesha, inapendekezwa nafasi apewe mwingine. Mwingine mwenyewe alikuwa mpwa wake, yuko njiani kutoka Sumbawanga. Jalada lile ndilo lililokuwa linakutangulia popote utakapoomba kazi. Nilijiona nazeeka nalo, kila meza nitakayosimama mbele yake mtu anafungua, anasoma mstari ule, ananitazama kifuani.

Ndipo ikaja siku ile ya joto na mlango wazi, na Pangani, Lukwa, Iringa.

Nataka nieleweke vizuri hapa, kwa sababu watu wakisikia kisa hiki wanacheka mahali pasipo. Ulimi wa Ndugu Malaki sikuucheka. Kwetu hata mimi nimekua nikisema kalanga na balabala, na sekondari mwalimu alinichapa viganja mpaka R ikatoka. Sijawahi kumshukuru. Sisi kwa sisi hakuna anayepotea: ukimwambia mtu leta kalanga, anakuletea karanga, na wala haoni kama amesamehe kitu. Hata Dar es Salaam walikuwa wakituelewa, maana zamani ofisini kwetu R ilikuwa Rufiji, na Zuhura akisikia Lufiji alijua mto ni upi, anaandika R yake anaendelea. Lakini mkoa wetu wa Rukwa ulikuwa ndiyo kwanza umezaliwa, na Ndugu Malaki kwa fahari yake akaamuru kuanzia sasa R itakuwa Rukwa. Zuhura mtoto wa pwani alikuwa hajausikia mkoa huo. Kaambiwa Lukwa, kaandika L. Na mashine haina ujirani na mtu. Ukiiambia plint, haisemi masikini anamaanisha print. Inakataa.

Basi nimeshika kipaza sauti, mtoto analia, Ndugu Malaki amesimama. Nilimsomea Zuhura upya kila mstari, nikamwomba kila aliposikia Lukwa aandike R, na aliposikia Lindi aache L. Akasema, "Kumbe. Mimi naandika ninachosikia, mama, nilikatazwa kusahihisha." Ndugu Malaki aliniambia nitoke. Nilitoka nilipomaliza.

Baada ya siku chache spika ikaita. Alinifungulia mlango mwenyewe. Zuhura alisoma kilichochapwa, kijiji kwa kijiji, na mimi nikakinasa kama Tabora, neno kwa neno, hata pale alipokohoa nusura niandike. Sitalike ikatoka, Mwamkulu ikatoka, vijiji vya Mpimbwe vyote vikatoka na mbegu zake. Sikulia wala sikushangilia. Nilijisikia kama mtu aliyetoa mwiba. Zuhura akaongeza kwamba Mkurugenzi wa mradi amefurahi sana, ameagiza kuanzia sasa kila karatasi ya Mpanda inayotoka kwenye mashine ipelekwe mezani kwake kabla ya mtu mwingine kuigusa. Ndugu Malaki akakiinamia kipaza sauti akasema ahsante, tulikuwa tumefanya marekebisho madogo.

Tulikuwa tumefanya. Hilo nalo nilimwachia. Nikamwomba kitu kimoja tu, alifute lile neno kwenye jalada.

"Makosa yalikuwepo, hayakuwepo?" akaniuliza.

"Yalikuwepo."

"Na ulikuwa unanyonyesha, hukuwa unanyonyesha?"

"Nanyonyesha mpaka sasa."

"Sasa niambie, kipi uongo hapo?"

Nilikwenda kwa Salehe, katibu wa kamati. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kukaa na aliyekaa juu. Alinifungulia kanuni, akanisomea kwamba malalamiko ya mfanyakazi kwenda makao makuu yatapitia kwa meneja wake na yatakuwa na sahihi ya meneja huyo. Nikamuuliza, na kama yanamlalamikia meneja? Akaikunja kanuni. "Hapo ndugu zetu walioandika walisahau," akasema.

Nyumbani niliandika barua za hasira, namsomea Bi Mwajuma juu ya ukuta. Ya kwanza aliisikiliza mpaka mwisho akasema hiyo ni ya kugombania kisimani, hata yeye asingeipokea. Niliichana. Nilikuwa naandika nyingine nyuma ya karatasi ya programu, ile yenye vijisanduku, kwa sababu karatasi nyingine hakuna, na mkono wenyewe ukaweka namba ya mstari, ukaandika PRINT, ukafungua alama za nukuu. Nikakaa nikiitazama. Tabora mkufunzi alituambia: nje ya nukuu mashine inapima kila herufi, lakini ndani ya nukuu haiulizi kitu. Chochote utakachoweka humo itakichapa kilivyo, kiwe jina la kijiji au matusi. Haitauliza kama una cheo. Haitauliza umebeba nini mgongoni. Na karatasi yake ingekwenda mezani kwa Mkurugenzi bila kupita mkononi mwa mtu. Sahihi ya meneja ingekuwepo, kama kanuni inavyotaka, kwa kuwa hakuna programu iliyotoka Mpanda bila sahihi hiyo.

Sikumvizia. Hili nalisema kwa sababu baadaye ilisemwa nilimtega. Nilimwekea karatasi mezani asubuhi, nikamwambia, "Ndugu Meneja, hii ina maneno yangu kwa Mkurugenzi. Isome kabla hujatia sahihi."

Akatia sahihi. "Nitaisoma redioni," akasema. "Sisomi mara mbili."

Tangu siku ya Ledio alikuwa ameapa kusoma mwenyewe, mlango wazi, ili kila mtu asikie anavyoweza. Salehe aliegemea mlangoni na penseli yake, akawa anaandika herufi kwenye kipande cha katoni kujifurahisha. Mimi nilikaa kwenye gunia langu. Ndugu Malaki akaanza, na lazima nikiri alisoma vizuri, Lukwa zake zote zikiwa imara, na Zuhura akizipokea kama R bila taabu. Mtu anayesoma miji hasikii maneno. Alipita mstari wa kwanza. Akaingia wa pili, akafika hapa: Mwanza, Arusha, Lindi, Arusha, Lindi, Arusha, Mwanza. Salehe akaacha kuandika. Akaitazama katoni yake, imesomeka MALALAM, akanitazama mimi, akamtazama mwenzake wa karanga.

"Meneja," akasema kwa sauti ya chini, "unajishtaki."

Ndugu Malaki alikishusha kipaza sauti. Akaisoma karatasi kimoyomoyo kuanzia juu, midomo inacheza, mpaka akafika kwenye sahihi yake. Nilijua ataichana. Nilishajipanga kuiandika upya mbele yake, na tena akiichana hiyo. Spika ikakwaruza, Zuhura akasema, "Mpanda, mstari haujafungwa. Nasubiri."

Akanigeukia. Hakuwa amekasirika kama nilivyotaka awe. "R ngapi umenitilia humu?" akauliza.

"Zinazotosha."

Akakiweka kipaza sauti mezani, taratibu, akasimama akaniachia kiti. "Soma mwenyewe," akasema. "Wasije wakasema na hili nimelikosea mimi." Akatoka akaenda kusimama relini, mikono nyuma, na Salehe akabaki pale mlangoni na katoni yake, hajui amfuate nani.

Nilikaa kwenye kile kiti. Nilimhamishia Yasinta titi la pili, nikamwambia Zuhura tunaanza mwanzo, nikasoma yote, herufi kwa herufi, Rukwa ikiwa Rukwa na Lindi ikiwa Lindi. Hivi ndivyo nilivyoyafikisha malalamiko yangu:

10 PRINT "KWA MKURUGENZI WA MRADI"
20 PRINT "YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MENEJA, OFISI YA MPANDA"
30 PRINT "MIMI FELISTA, MWANDISHI WA PROGRAMU, NALALAMIKA RASMI."
40 PRINT "JALADANI KWANGU IMEANDIKWA: MAKOSA YANATOKANA NA KUNYONYESHA."
50 PRINT "MAKOSA YALITOKANA NA HERUFI R ILIYOSOMWA L REDIONI."
60 PRINT "NAOMBA MANENO HAYO YAFUTWE NA NIJULISHWE KWA MAANDISHI."
70 PRINT "NANYONYESHA. NITAENDELEA KUNYONYESHA."
80 PRINT "PROGRAMU HII NIMEIANDIKA MTOTO AKIWA TITINI, NA KAMA"
90 PRINT "UNASOMA HAPA, BASI IMEFANYA KAZI."
100 END